Bamvua ikifika, mwanangu haendi shule

Assalamu alaykum, wahariri wa safu ya ushauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Kizingitini, kisiwa cha Pate. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 13, yuko Gredi ya 7. Wa pili ni msichana wa Gredi ya 4, na wa mwisho bado ananyonya. Mwezi wa 12 baba yao alipigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia haufanyi kazi, na hawezi kuketi bila kushikwa.

Aliyetushika mkono ni shemeji yangu, ndugu yake mume wangu. Alikopa shilingi 6,000 kwa tajiri anayenunua pweza wake, tukampeleka mgonjwa hospitali. Walipatana hivi: mwanangu aende mwambani na ami yake kila bamvua, zile siku bahari inapokupwa sana, na kila siku anayoingia baharini tajiri akate shilingi 100 za deni. Tangu Januari amekwenda bamvua 9, siku 5 kila bamvua. Akipata kilo 3, kwa bei ya shilingi 200 kilo, anakatwa 100 ya deni na 100 ya mashua, analeta nyumbani 400. Mimi nakaanga mahamri, faida yangu ni 150 au 200 kwa siku. Hizo 400 za mtoto ndizo unga na dawa ya baba yake.

Mwalimu wa darasa ameniandikia. Muhula uliopita mtoto alikosa siku 22, na muhula huu umeanza juzi tu ameshakosa 4. Anasema akiendelea, jina litapelekwa kwa chifu. Mtoto naye ameanza kunijibu kuwa shule haijazi sufuria. Bamvua hii alirudi ameumwa na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, kidole cha shahada. Nimekifunga kitambaa cha leso. Mwenzake alipomletea hesabu za sehemu, hakuweza kushika kalamu.

Shemeji anasema hii si kazi, ni kumsaidia baba yake, na bahari ni urithi wao. Sitaki kumvunjia heshima, maana bila yeye tungelala njaa. Lakini naogopa kufungwa, na naogopa mwanangu asije akaacha shule kabisa. Mimi mwenyewe kabla sijaolewa nilikuwa naenda pweza, najua mwamba ulivyo. Nianzie wapi?

Mama wa watatu, Kizingitini

*

Wa alaykum salaam, mama. Mwenyezi Mungu amjaalie shifaa baba watoto.

Kabla ya yote, kidole. Meno ya mkunga yamechongoka na yameelekea ndani, huacha matundu membamba yenye kina ambayo juu hufunga upesi na chini yakaoza. Fungua hicho kitambaa leo, osha kwa maji safi mengi na sabuni, umpeleke kituo cha afya aangaliwe na achomwe sindano ya pepopunda ikiwa hajapata karibuni. Kidole kikivimba, kikipiga kama moyo, au ukaona mstari mwekundu unapanda mkononi, usingoje kesho. Ni kidole cha kuandikia hicho.

Sasa shule. Chukua ile barua ya mwalimu uiweke kando ya kalenda ya mwezi. Siku ya mwezi mwandamo na siku ya mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupwa hadi mwisho kwenye saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika 40. Siku ya tano mwisho wa maji ni kama saa sita na nusu mchana. Mtu wa pweza huteremka nayo yakipwa na kupanda nayo yakijaa, kwa hiyo mwanao yuko mwambani tangu saa mbili au saa tatu hadi adhuhuri. Ndiyo saa za darasa zenyewe. Maji mafu, yaani siku za kati ya bamvua na bamvua, yakifika hupwa jioni, lakini mwamba haukauki vizuri, na ndiyo maana siku hizo unamwona anavaa sare bila kugombana. Hiyo si tabia ya mtoto mvivu. Mtoto asiyetaka shule hukosa ovyo ovyo, lakini huyu anakosa kwa kufuata mwezi. Mwonyeshe mwalimu jambo hilo, maana kwenye daftari la mahudhurio utoro wa aina zote mbili huandikwa kwa alama ileile.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalioni. Bamvua hurudi kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi, yaani wiki mbili na kidogo. Kwa hiyo ikianza Jumatatu, ijayo itaanza Jumatatu au Jumanne, na itakayofuata Jumanne au Jumatano. Mtoto anakosa siku zilezile za wiki, mara tatu au nne mfululizo, na ratiba ya shule nayo huenda kwa wiki. Kipindi cha majaribio ya sayansi kikiwa Jumanne, atakosa Jumanne moja katika kila mbili, bamvua tatu au nne mfululizo. Siku 22 katika muhula wa wiki 13, wenye siku 65 za masomo, ni kama theluthi moja. Lakini kwa somo moja moja pigo linaweza kuwa kubwa zaidi: anarudi akute mada ilianza hayupo, na inapomalizika pia hayupo. Hizo hesabu za sehemu alizoletewa zinategemea zilizotangulia, na kati ya hizo nazo zipo alizozikosa.

Na siku hizi hasara haingoji mtihani wa mwisho. Alama zitakazompangia sekondari pevu baada ya Gredi ya 9 zinatoka mahali patatu: mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 9 (KJSEA) asilimia 60, ule wa Gredi ya 6 alioufanya (KPSEA) asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20. Mwanao yuko ndani ya hizo tathmini sasa hivi. Ukienda shuleni, usitoke bila majibu ya maswali mawili: ni tathmini zipi za mwaka huu amezikosa au zinakuja, na zitafanywa tarehe gani. Hizo tarehe ziandike kwenye kalenda ileile ya mwezi.

Kuhusu kufungwa, tukueleze sheria ilivyo ili hofu ipungue na isije ikakufanya umfiche mtoto. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kinga dhidi ya kazi ya hatari au ya kunyonywa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaweza kumtoza mzazi asiyempeleka mtoto shule faini isiyozidi shilingi 30,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Hiyo ipo, hatutaificha. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mwalimu mkuu achunguze kwanza kwa nini mwanafunzi hafiki, na mzazi aliyekwenda mwenyewe shuleni na maelezo na mpango hayuko sawa na mzazi anayetafutwa. Adhabu nzito zaidi imewekewa anayempa mtoto kazi inayomzuia kusoma: faini hadi shilingi milioni 5 au kifungo hadi miaka 5. Hapo anahusika tajiri, na anahusika shemeji. Neno lake kwamba hii si kazi bali ni msaada haliwezi kusimama, kwa sababu sheria haiulizi tunaiitaje. Inauliza kama inamtoa mtoto darasani.

Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Chini ya miaka 13 hakuna ruhusa. Kwa hiyo yule wa Gredi ya 4 hayumo kabisa, na tutarudi kwake.

Lakini fundo la barua yako, mama, ni deni. Mtu mzima alikopa, mtoto analipa kwa mwili wake, na hakuna karatasi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 182 wa mwaka 1999, ambao Kenya iliuridhia 2001, unaiweka kazi ya mtoto aliyefungwa na deni kwenye kundi la aina mbaya zaidi za kazi za watoto, na sababu yake ni hii: kazi ya kawaida ina mwisho wa siku, lakini deni lisiloandikwa halina mwisho. Leo ni la hospitali, kesho mtoto atavunja chombo cha tajiri, keshokutwa sikukuu imefika na mmeongezwa 2,000.

Basi pigeni hesabu. Bamvua 9, siku 5 kila moja, ni siku 45. Shilingi 100 kwa siku ni 4,500. Katika 6,000 zimebaki 1,500. Kama tajiri atataja salio kubwa kuliko hilo, mwombe akuonyeshe siku kwa siku. Nenda na mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na pande zote: mzee wa mtaa, au mwenyekiti wa BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo, ya hapo bandarini, maana wanunuzi wa samaki wanamjua na watamkuta tena. Sema maneno machache: "Nimekuja kulichukua deni la hospitali liwe jina langu. Nimehesabu limebaki 1,500. Nitalipa 250 kila Ijumaa, wiki 6. Mtoto hakatwi tena." Kisha andikeni kwenye daftari tarehe, salio, sahihi yako, yake na ya shahidi. Kila Ijumaa akupe sahihi. Shilingi 250 kwa wiki ni kama 36 kwa siku kwenye mahamri yako. Inabana, lakini inalipika.

Pengo la pili ni zile 400 za kila siku ya bamvua, na hapa barua yako yenyewe ina jibu. Wewe unaujua mwamba. Wanawake wa Pate wanakwenda pweza tangu zamani, kwa miguu, mwamba wa karibu. Mwanao anapata kilo 3 kwa sababu mashua inampeleka mwamba wa nje, kisha anakatwa mashua na deni. Wewe ukipata kilo 2 tu kwa miguu, kwa bei ileile, ni shilingi 400 mkononi. Fedha ni zilezile, na mtoto yuko darasani. Zitakuwapo siku utatoka na kilo moja, na miezi ya kusi bahari ikichafuka utakosa siku nzima. Wekeni akiba bamvua ikiwa nzuri, hata 50 kwa siku. Mahamri kaanga alfajiri kama kawaida, yauzwe kabla ya saa mbili, ndipo uteremke.

Shida itakuwa mgonjwa. Mtu aliyepooza upande asiachwe peke yake kwa muda wa saa nne, na anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulala. Hapo ndipo familia nyingi hukosea bila kukusudia: kijana anarudishwa shule, na kesho yake binti wa Gredi ya 4 anabakishwa nyumbani amtazame baba na ambebe mdogo. Hakuna chifu atakayekuja, kwa sababu mtoto wa kike jikoni haonekani kama mtoto aliye mashuani. Kwenye daftari la shule amekosa vilevile. Tunakuomba jambo hili uliamue kabla ya bamvua, si asubuhi yake. Kaa na mkwe wako, wifi zako na jirani mmoja, mgawane siku 5: kila mmoja muda wa saa nne tu, tangu saa tatu hadi saa saba mchana, na mtoto mchanga abaki na huyohuyo. Wewe uwalipe kwa mboga ya pweza ukirudi. Watu hukataa wakiambiwa "nisaidieni", lakini wakiambiwa "wewe siku yako ni Jumatano" hukubali.

Sasa shemeji. Usianze naye kwa sheria, na usimpeleke mbele ya watu kabla hujazungumza naye mwenyewe. Ameibeba nyumba ya nduguye miezi mitano, na hilo liwe neno lako la kwanza, ulimaanishe. La pili liwe hesabu: deni limebaki 1,500 na umelichukua, mwambani utakwenda mwenyewe. Ukifika hapo umeshamwondolea mzigo wenyewe, hajabakiwa na sababu ila urithi. Na urithi haukataliwi. Mtoto wa Kizingitini ajue bahari, ajue majina ya miamba na pepo, lakini ajifunze Jumamosi. Kama shemeji atakuwa mgumu, muombe maalim wa chuo cha Qurani aje kikao cha pili, kwani mtoto anayechoka na bahari hakosi shule tu, hata chuo jioni anasinzia juu ya msahafu, na maalim analiona.

Jitayarishe kwa jambo moja atakalokuambia: "Basi aende usiku, shule haitaguswa." Ni kweli bamvua hupwa pia saa nne usiku, na watu huenda na tochi. Usikubali. Mtoto atatoka baharini saa sita au saa saba usiku, alale saa nane, aamshwe alfajiri. Atakuwa ameketi darasani na atahesabiwa amehudhuria, lakini hatasikia kitu. Na mwambani usiku mtu haoni maji yanapoanza kurudi kupitia mkondo ulio nyuma yake, hasa aliyeinama anachokoa tundu. Siku mbili tatu za hivyo kisha atakuambia mwenyewe kuwa bora aache shule.

Jumamosi na Jumapili zinazoangukia bamvua, tunaona anaweza kwenda, kwa masharti mnayokubaliana wote watatu. Mwamba wa karibu, kwa miguu, maji yasipite magoti. Awe na wewe au ami yake, umbali wa kuitana. Viatu vya mpira vyenye soli nzito. Asitie mkono tunduni hata kama amemwona pweza, kwa kuwa mkunga hukaa tundu za namna hiyohiyo. Achokoe kwa chuma, pweza akishika chuma ndipo avutwe. Kupiga mbizi hapana, mwamba wa nje hapana. Maji yakigeuka anapanda nawe, hata kama kuna pweza amebaki. Alichokipata Jumamosi, sehemu yake apewe yeye mkononi, hata 100. Mtoto aliyezoea kushika fedha akirudishwa shule mfuko mtupu ataisikia bahari inamwita kila kipindi, na hili walimu wengi hawalijui.

Ukienda shuleni, nenda asubuhi siku ya kawaida, peke yako kwanza. Peleka barua fupi yenye mambo manne: baba ni mgonjwa, siku zilizokosekana zilifuata bamvua, mpango wako wa kuanzia sasa, na namba ya simu ya kukuita mtoto asipofika kufikia saa tatu. Omba nakala igongwe mhuri wa shule, uiweke. Ikiwa jina limeshafika kwa chifu, nakala hiyo ndiyo utakayokwenda nayo. Kisha omba mambo ya kurudi darasani: aketi mbele, apewe mwenzake mmoja wa kumwonyesha madaftari (yule aliyekuja na hesabu anafaa sana), aanze na hesabu kabla ya mengine, dakika 30 kila siku kati ya Magharibi na Isha kwa wiki 6. Asipigwe kwa siku alizokosa. Sheria ya 2013 imekataza kumchapa mwanafunzi, na zaidi ya sheria, kijana aliyekwishapata 400 kwa siku akichapwa mbele ya darasa siku ya kurudi, siku ya pili hataonekana. Uliza pia kuhusu michango, ya chakula au ya karatasi za mitihani. Ada ya masomo haitozwi, lakini mchango usiolipwa ndio humrudisha mtoto nyumbani Jumatano, na akirudishwa siku ya bamvua hatakuja kwako, atakwenda pwani. Patana ulipe kidogo kidogo, na asitolewe darasani.

Wiki ya kufungua shule iangalie mapema. Likizo ikiisha katikati ya bamvua, maneno huwa "amalizie tu hizi siku tatu", na siku tatu hizo ndizo zinazofungua muhula vibaya.

Baba watoto naye ana haki zake. Apimwe na jopo la tathmini ya ulemavu la hospitali ya serikali. Uliza kwanza hospitali ya Faza kama wanaifanya au siku ipi jopo linafika, kabla hujalipa nauli ya boti na watu wa kumbeba mpaka King Fahd, Lamu mjini. Beba kitambulisho chake, karatasi za kulazwa za mwezi wa 12 na picha za pasipoti. Ripoti ikitoka, asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mpango wa serikali wa Inua Jamii una fungu la watu wenye ulemavu mkubwa wasiojiweza, shilingi 2,000 kwa mwezi. Uandikishaji hufunguliwa kwa awamu na hatutakudanganya kuwa utaingia mwezi ujao, ila asiye na ripoti hupitwa awamu ikifunguliwa. Mwambie chifu na afisa wa maendeleo ya jamii sasa kwamba mpo.

Afisa wa watoto wa Lamu Mashariki usimwone kama askari. Mfikie ikiwa tajiri atakataa kuandika salio, au shemeji atamchukua mtoto bila ridhaa yako. Na ikiwa mtoto atapigwa, au atapelekwa kuzamia mwamba wa nje, piga 116. Ni simu ya watoto, haina malipo, hujibiwa usiku na mchana. Wewe unaweza kupiga, mtoto anaweza kupiga, na mwalimu pia.

Bamvua ijayo ndiyo itakayopima mpango wote huu, na asubuhi ya siku ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Usiku wake sare iwe imefuliwa na kutundikwa mahali anapoiona akiamka. Mwambie shemeji mapema asipite kumwita mlangoni. Mtoto anywe chai na mahamri mawili kabla hujayatoa kuuza. Wifi akishaingia kukaa na mgonjwa, tokeni pamoja watoto wawili na wewe, wao na mikoba, wewe na chuma na kikapu. Fikeni getini. Mkiachana hapo bado ni mapema, maji ya saa nne yatakungoja.